Pikipiki yangu Boxer juu ya lori la fuso: siku sita kutoka Dar mpaka Mbinga

JUMANNE, Dar

Uhamisho umetoka jamani. Miaka mitatu naandika barua za kumfuata mwenza, mke wangu yuko Mbinga mkoani Ruvuma mimi niko Mbagala, sasa barua iko mkononi na shule zikifungua mwezi wa saba naripoti huko. Vitu vya ndani havinipi shida, kitanda nimemwachia jirani, sabufa na jiko la gesi vimepata watu. Kilichobaki ni pikipiki. Ni Boxer 150, nimeichukulia mkopo SACCOS nikaulipa miaka miwili na nusu nakatwa kwenye mshahara, na shule ninayokwenda iko kilomita 14 kutoka mjini Mbinga, milima ile ya Wamatengo bila pikipiki unatembea mpaka magoti yanakataa. Kwa hiyo leo nimezunguka na swali moja tu, hii kitu inafikaje kule ikiwa nzima.

Nasema nzima kwa sababu 2019 nilishaumia. Nilikuwa na pikipiki nyingine, nikaisafirisha kwa basi kwenda Iringa, kampuni siitaji, wakailaza kwenye buti usiku kucha. Ilivyofika mkono wa klachi umepinda, tanki lina bonde la kuingia ngumi, na petroli ilikuwa imevuja ikaloweka magunia ya unga ya mama mmoja, yule mama alilia pale stendi na mimi nikamlipa gunia moja kutoka mfukoni kwangu. Pikipiki yenyewe kuwaka ilichukua siku mbili, oili ilikuwa imepanda mpaka kwenye filta ya hewa. Sijawahi kusahau.

Watu wengi hawajui kwamba pikipiki haikutengenezwa kulala. Ukiilaza muda mrefu oili inatafuta njia ya kupitia inaingia kwenye filta, betri kama ni ya maji ya asidi inamwaga kwenye waya na kwenye rangi, kabureta inafurika, na uzito wote unabebwa na ncha ya usukani na kikanyagio, vitu ambavyo havijaundwa kubeba kilo mia na kitu huku gari linaruka matuta.

Asubuhi nikaanzia kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis. Ofisi ya kwanza ya mizigo jamaa akasema 90,000, njoo saa kumi alfajiri, mafuta umemwaga. Nikamuuliza mnaiwekaje. Akasema tunailaza, tunatanguliza magunia chini. Kaka haiwezi kusimama? Akanifungulia buti nione mwenyewe, urefu wake haufiki hata usukani. Ofisi ya pili hivyo hivyo, ya tatu akaniambia tutaisimamisha lakini kwa jinsi alivyojibu haraka haraka bila hata kuuliza ni pikipiki gani nikajua ananitoa tu. Nikashukuru nikaondoka.

Treni ya TAZARA niliifikiria kwa dhati kabisa maana inapita Makambako na mle kwenye behewa la mizigo pikipiki inasimama. Ila Makambako mpaka Songea, ambako ndo unaingilia njia ya Mbinga, bado kuna karibu kilomita 300, ina maana nishushe, nitafute gari lingine, nipakie tena, na kwa nilivyoona ile mara ya kwanza mikwaruzo mingi inapatikana kwenye kupandisha na kushusha. Nataka ipande mara moja ishuke mara moja. Kirikuu, kile kipikapu kidogo, ya kukodi mpaka Songea wameniambia milioni na laki tatu, hapo ni nusu ya pikipiki yenyewe. Na kuna rafiki zangu wanasema si uiendeshe tu wewe, ndiyo wapo wanaofanya, lakini kilomita 900 na ushee, Mikumi na Kitonga katikati ya malori, mimi kama ni peke yangu ningefikiria, nina mtoto wa miaka minne ananisubiri.

Mchana ticha mwenzangu wa Songea akanipa wazo ndo likawa jibu. Fuso za Ruvuma zinashusha mahindi na maharage sokoni Tandale halafu zinatafuta mzigo wa kurudi nao, na kuna mzee mmoja dereva anamwamini. Nikaenda nikamkuta amekaa chini ya gari anakunywa chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu, nimeambiwa. Pikipiki gani?"

Nikamwambia. Akauliza ina mafuta kiasi gani. Akauliza kadi iko kwa jina la nani. Akauliza usukani unafunga kwa ufunguo au umeharibika. Akauliza nasafiri nayo au naituma. Maswali manne mzee kauliza kabla ya kutaja hela, na kwangu mimi hapo ndo nilipomchagua. Nikamuuliza kwanini ameulizia kadi, akasema mwanangu pikipiki nyingi za wizi zinasafirishwa kwenye malori, nikikamatwa nayo haina karatasi gari linalala kituoni na mimi ndani, isiyo na kadi siibebi hata ya ndugu yangu. Tumekubaliana 120,000 na mimi nakaa kebini mpaka Songea.

JUMATANO, Dar

Siku nzima maandalizi. Kwanza nimeiosha, tena vizuri, maana ikiwa na matope huwezi kujua mkwaruzo upi ni wa zamani upi ni wa safari. Halafu picha kila upande kwa simu, namba ya chasisi, na dashibodi inavyosoma: 31,406. Hiyo ya kupiga picha kilomita nilifundishwa na bodaboda wa kijiweni kwetu, unajua kama kuna mtu aliishusha njiani akaenda kuzungukia nayo.

Fundi wangu wa Mbagala akatoa petroli yote kwenye dumu, tukafunga koki ya mafuta, akalegeza ile skrubu ya chini ya kabureta yakatoka mafuta yaliyobaki, machache tu, kama kifuniko cha soda, lakini hayo machache ndo yananukisha na ndo yanashika moto. Waya wa hasi wa betri akauchomoa akaukunja na sorotepu. Saiti mira zote mbili nje, indiketa za nyuma nje, nikazifunga kwenye fulana nikaweka kwenye begi langu la mgongoni. Kifuniko cha tanki kimekaza. Ile petroli nikamwachia fundi ikawa ndo malipo yake, alifurahi.

Mtaa wa Gerezani nikanunua mikanda minne ile ya kukaza kwa racheti, kile kikazio cha meno, 14,000 mmoja. Watu watakwambia kamba ya manila inatosha, na utingo wengi wanajua kuifunga vizuri sana siwavunjii heshima, shida ya manila inavutika, imekazwa asubuhi mchana imelegea na huna namna ya kuongeza mpaka ufungue ufunge upya. Racheti unasukuma kidogo tu inaongezeka. Nikachukua pia tyubu kuukuu mbili za tairi la gari kwa fundi pancha, bure.

Saa kumi jioni tukapakia kwenye stoo moja Vingunguti. Makuli wanne wakasema tunaibeba tu ticha dakika moja, mmoja kashashika bomba la moshi mwingine kashika taa. Nikasema hapana ndugu zangu tafadhali, nisaidieni na mbao. Mzee dereva akaunga mkono. Tukaweka mbao mbili za inchi mbili kwa kumi, na hapa utingo akafanya kitu ambacho sikukijua, akafunga ncha ya juu ya mbao kwenye bodi ya gari kwa kamba, kwa sababu tairi la mbele likishaingia ndani na la nyuma liko katikati ya mbao, ubao unasukumwa nyuma unatoka, na pikipiki inadondoka na aliye chini yake. Injini imezimwa, mimi nimeshika usukani na breki natembea pembeni kwenye ubao wa pili, wawili wanasukuma nyuma, mmoja yuko juu anavuta.

Kufunga kulichukua karibu saa nzima. Tairi la mbele likasogezwa mpaka likagusa ukuta wa mbele wa bodi, liko kati ya matairi mawili ya akiba ya fuso lisicheze kushoto wala kulia. Gia namba moja. Stendi imekunjwa, pikipiki inasimama kwa matairi yake yenyewe, ukiiacha kwenye stendi ukakaza mikanda unaisukumia uzito kwenye kile kichuma kimoja kinapinda au kinatoboa. Breki ya mbele nimeizungushia raba ya tyubu ikabaki imekamatwa.

Mikanda miwili ya mbele imepita kwenye chuma cha shokapu juu ya tairi, sehemu ile usukani unapokaa, sio kwenye usukani wenyewe, na kila ilipogusa rangi nikaweka kipande cha tyubu. Mkanda unashuka kwa mshazari kwenda kwenye pete za sakafuni. Kuna jamaa alitaka kufunga kwenye mbao za pembeni za bodi, mzee akamkataza, zile mbao zinafunguka na zinatikisika. Halafu unakaza kulia kidogo, kushoto kidogo, kulia kidogo, huku unaangalia shokapu ya mbele inavyobonyea. Mzee akaweka kidole kwenye ule mrija unaong'aa akasema ikifika nusu acha. Sababu alinieleza vizuri sana: gari likigonga tuta pikipiki inabonyea zaidi, na kama hujaibana tangu mwanzo mkanda unalegea hiyo sekunde moja na kulabu inachomoka kwenye pete. Ukiibana mpaka mwisho nako sili za shokapu zinapasuka zinaanza kutoa oili. Nusu. Zile kulabu tukazifunga na uzi wa katani juu yake.

Miwili ya nyuma tukaipitisha kwenye keria. Wa kulia utingo hakuukaza sana, akasema huku magodoro yanakuja yatashika. Nikakubali. Kumbukeni hapo.

Mzigo mwingine ukaingia: mabati upande wa kushoto, magodoro kulia, makatoni ya sabuni na mafuta ya kula nyuma. Juu turubai.

ALHAMISI, Dar mpaka Ruaha Mbuyuni

Tumetoka saa tisa usiku. Kabla ya Vigwaza, pale mizani ya kupima malori, nikamwomba mzee asimame dakika tano, nikapanda juu na tochi ya simu. Mikanda ya mbele yote miwili imelegea! Sio sana, lakini kidole kinapita kati ya mkanda na tyubu wakati jana hakikupita. Utingo akasema ni kawaida, mzigo unakaa, matairi yanakaa, tyubu inabonyea, ukishaongeza mara moja haisumbui tena. Nikaongeza racheti meno mawili kila upande. Kama ningekuwa nimeituma tu nikabaki nyumbani nasubiri simu, nani angepanda kuangalia?

Chalinze, Morogoro, hakuna la ajabu. Foleni ndefu mizani.

Mikumi ndo nilikuwa naiogopa. Barabara inapita ndani ya hifadhi kilomita kama 50, mwendo una kikomo, na matuta yamepangwa ili watu wasigonge wanyama maana ukigonga kuna faini. Mzee anayapanda matuta pole pole kabisa, tairi la mbele, halafu la nyuma, unasikia bodi inalia. Tumeona twiga watatu na nyani wengi. Mimi macho yako kwa twiga masikio yako nyuma. Ng'ambo ya hifadhi nikapanda tena kuangalia: iko vile vile, kidole hakipiti.

Jioni tumelala Ruaha Mbuyuni, vitunguu pande zote za barabara, mibuyu, joto. Nimelala kebini na utingo kalala juu ya turubai, mzigo hauachwi.

IJUMAA, Kitonga mpaka Makambako

Kitonga tumeipanda alfajiri. Gia ya chini, injini inanguruma, upande mmoja jabali upande mwingine korongo. Hapa ndo nikaelewa kwanini mikanda ya nyuma ni muhimu. Gari likiwa limeinuka pua hivi uzito wote wa pikipiki unataka kurudi nyuma, tairi la mbele linaachana na ule ukuta, na kama umefunga mbele tu basi mikanda yako inageuka kuwa bawaba. Ilula tukasimama, watu wanauza nyanya, nikapanda: haijasogea.

Iringa, mizani ya Wenda, Mafinga, misitu ya mipaini, baridi inaanza kuuma. Makambako tumefika saa moja usiku na upepo ule wa Makambako mwezi wa sita, mtu wa Mbagala kama mimi natetemeka meno. Hapa magodoro na sabuni vinashushwa. Mzee akaniambia mwalimu nenda kale, makuli watachukua muda. Nikaenda kupiga ugali na maharage, dakika 25 hazijazidi.

Nilivyorudi nikaona makuli wamemaliza wanapiga soga, nikapanda juu na tochi na moyo ukaniruka. Upande wa kulia peupe, magodoro hayapo. Mkanda wa nyuma wa kulia ulikuwa umepita juu ya godoro moja, wakaufungua ili walitoe, hawakuufunga. Na wa mbele kulia nao ulikuwa umelegea, kwa hiyo pikipiki ikavutwa na mikanda ya kushoto. Imelala upande wa kushoto, haijaanguka, imeegemea kwenye mabati. Ukingo wa bati umeingia kwenye raba ya usukani ya kushoto kama kisu kwenye mkate. Bati lingine la chini yake liko vidole viwili kutoka kwenye tanki. Vidole viwili, nimepima. Kama tungeondoka hivyo, tuta la kwanza tu lingechana tanki.

Sikugombana na makuli, walikuwa hawajui. Kosa ni letu la Jumatano, tuliyapa magodoro kazi ya mkanda. Mzigo unaouegemea una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuwa anashukia Makambako wakati wewe unakwenda Songea. Mzee alikuja akaangalia kimya, akasema tushushe mabati kumi ya juu tufunge upya, na tukafanya hivyo watu watatu kwenye baridi mpaka saa nne usiku. Safari hii mikanda yote minne imekazwa sawa kana kwamba bodi ni tupu, na kati ya usukani na mabati tukaweka tairi la akiba moja. Halafu nikaushika usukani nikautikisa kwa nguvu zangu zote, gari zima likatikisika pamoja na pikipiki. Hapo ndo nikaenda kulala.

JUMAMOSI, Makambako mpaka Songea

Kabla ya Njombe trafiki katusimamisha, akamwambia utingo funua turubai. Kaona pikipiki, kauliza ya nani. Nikashuka nikamwamkia, nikampa kadi, kitambulisho changu na barua ya uhamisho. Akalinganisha namba ya chasisi, akarudisha, "safari njema mwalimu". Dakika tatu. Nakala tu ya simu nadhani ingechukua muda zaidi, beba kadi yenyewe.

Njombe mafuta ya kula yameshushwa, na mimi nilisimama pale pale juu ya bodi mpaka katoni la mwisho, chai nikaletewa kwenye kikombe. Hakuna mkanda ulioguswa.

Lukumburu ni kona juu ya kona. Mzee anaendesha kama amebeba mayai, na nilimwambia hivyo, akacheka akasema mimi nabeba vya watu miaka 20 na kitu sasa. Huku kona zinavuta pembeni na zilikuwa zinavuta haswa, unajisikia mwenyewe kwenye kiti, ndo nikawa nafikiria ile hali ya Makambako. Madaba tumekunywa soda. Songea tumeingia saa kumi na moja jioni.

Kushusha nilikuwa nimeshawaza mbao zitapatikana wapi, kumbe mzee ana sehemu yake, kuna tuta la udongo nyuma ya stoo usawa wa bodi kabisa, akarudisha gari nyuma likagusa, tukaisukuma pikipiki ikatoka kama inatoka sebuleni. Dashibodi: 31,406. Tukakagua na picha za Jumatano moja moja. Mkwaruzo mpya hakuna, shokapu kavu, sakafuni hakuna tone la oili wala petroli. Ni ile raba ya kushoto tu.

Mzee nilimwongezea 20,000 hakutaka, nikamwekea utingo mfukoni.

JUMAPILI, Songea mpaka Mbinga

Nimelala kwa shemeji yangu Bombambili. Asubuhi nikarudisha waya wa betri, indiketa, mira, nikaisukuma mpaka sheli nikaweka lita tano, nikafungua koki nikasubiri kabureta ijae. Kiki ya tatu ikawaka, moshi mweupe kidogo halafu ikatulia. Upepo wa matairi nikaangalia, breki nikaijaribu mara kadhaa pale pale kabla ya kuingia barabarani.

Songea mpaka Mbinga ni lami, kama kilomita 100, nikaenda taratibu nimevaa jaketi mbili. Njia panda ya Peramiho, Kigonsera, halafu milima yenyewe na yale mashamba ya ngolo yenye mashimo mashimo kama sega la nyuki, na kahawa. Njia nzima kiganja cha kushoto kinagusa ule mkato wa bati kwenye raba.

Saa sita na robo nimefika. Mtoto kaitambua sauti ya pikipiki kabla hajaniona mimi, mama yake kaniambia. Mikanda nimeitundika stoo, shemeji ana pikipiki ya kupeleka Mbamba Bay mwezi ujao kwa Canter, nimemwambia asifunge chochote mpaka nije mwenyewe.